Soma Mpini Kabla ya Makali

Mwaka 1937, kando ya Ziwa Walloon huko Michigan, Marekani, mtu mmoja alikuwa akikwangua rangi kuukuu ubavuni mwa mashua kwa kisu cha uwindaji. W. D. Randall wa Florida, ambaye wenzake walimwita Bo, alivutiwa na jambo moja: kazi ile huua makali ya kisu cha kawaida upesi sana, lakini kisu kile kilikuwa kizima. Kilikuwa kimefuliwa na William Scagel, fundi wa Michigan hukohuko. Randall aliporudi kwao Orlando alianza kutengeneza visu vyake mwenyewe, na karakana aliyoianzisha inafanya kazi hadi leo.

Kisa hiki husimuliwa kusifia chuma, na chuma kweli kinastahili sifa. Ila kiweke kisu cha Scagel mezani uone jicho lako linakwenda wapi. Linakwenda kwenye mpini. Kwanza kuna kikingio cha shaba kinachozuia vidole visiteleze kwenye makali. Nyuma yake vinafuata visahani vyembamba vya faiba nyekundu na nyeusi vikipishana na shaba, kisha visahani vya ngozi nene vilivyobanwa hadi vikawa kitu kimoja, na mwisho kabisa kipande cha pembe ya ayala, yule mnyama anayedondosha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine. Mara nyingi Scagel alichagua lile fungu la pembe lililokuwa limeshikana na fuvu, lenye vinundu pande zote. Kiganja kikifika hapo kinajua kimefika mwisho bila kuambiwa.

Waswahili tunajua kwamba aliyeshika mpini ndiye mwenye kauli. Katika soko la visu vya zamani, hata bei husikiliza zaidi upande huo. Makali hueleza kisu kilitoka kiwanda gani na katika kipindi gani, nayo kazi hiyo humalizika mapema kwa mtu mwenye kitabu cha chapa mkononi. Mpini ndio unaochukua muda, kwa kuwa ndio uliobadilishwa, ukachongwa upya, ukaagizwa maalumu au ukaghushiwa. Mpini wa kuagiza unaweza kuongeza thamani ya kisu mara kadhaa, na unaweza pia kuiua kabisa, kutegemea ni mkono wa nani uliouweka, lini, na kwa ustadi gani.

Mpini wa ngozi hutengenezwa hivi. Chuma cha kisu hakiishii kwenye kikingio. Kinaendelea nyuma kama mkia mwembamba. Fundi hukata visahani vya ngozi ya ng'ombe, akatoboa kila kimoja tundu la kuupitisha mkia huo, akavitumbukiza kimoja baada ya kingine mpaka mkia ubaki umechungulia kidogo tu. Kisha huweka kitako na kukaza nati, au huigonga ncha ya mkia ikatanuka isiweze kurudi. Wakati huo mpini haujawa na umbo lolote. Ni mrundo wa ngozi wenye kingo zisizolingana. Ndipo unapopelekwa kwenye jiwe la kusaga na msasa, na umbo la kiganja linaanza kutokea: uvimbe wa tumbo, kiuno pale kidole cha shahada kinapolala, unene wa kujaza mkono bila kuuchosha. Fundi akisaga mno hawezi kurudisha alichoondoa. Itabidi avue kila kitu aanze upya.

Kilichofanya mtindo huu uenee Marekani ni kiwanda cha mtu mmoja mvumilivu. Webster Marble alikuwa mpimaji wa misitu katika Michigan ya kaskazini, mtu wa kulala porini wiki nzima akihesabu miti, na vifaa vyake vya mwanzo vilitokana na shida alizozipata humo. Maarufu kati yavyo ni kashoka chenye kifuniko cha chuma kinachofunika makali na kukunjwa ndani ya mpini, ili mtu akitembea nacho kiunoni asijikate. Kampuni yake mjini Gladstone iliitwa Marble Safety Axe, na ndiyo maana visu vyake vya awali vina chapa ya herufi M.S.A. Mwaka 1911 jina likabadilishwa kuwa Marble Arms & Manufacturing. Mtu anayezijua chapa hizo mbili anapata mahali pa kuanzia. Kisu cha Marble cha aina ya Woodcraft kilichoandikwa mwaka wa hataza 1916 hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, hata muuzaji aape kwamba babu yake alikinunua akiwa kijana mwaka 1905.

Kisu cha Marble kiitwacho Ideal, kilichoanza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20, kilikuwa na mfereji mpana ubavuni mwa chuma, na mpini wake ulitoka kwa namna mbalimbali: ngozi tupu yenye kitako cha alumini, ngozi yenye kitako cha pembe, au pembe mwanzo hadi mwisho. Mteja alichagua. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kisu hiki si halisi kwa sababu mpini wake haufanani na wa mwenzake, mwache aseme. Tofauti peke yake haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni viungo.

Chukua kioo cha kukuzia, kaa mahali penye mwanga wa ubavuni, utazame mikwaruzo. Kisu kilichotumika miaka hamsini kina mikwaruzo mingi, na mikwaruzo haiheshimu mipaka. Mmoja utaanza kwenye ngozi, uvuke faiba nyekundu, uvuke shaba, uishie kwenye kitako. Ukiukuta mkwaruzo wa namna hiyo umepita sehemu zote bila kukatika, basi sehemu hizo zimeishi pamoja. Ukiukuta umefika kwenye kitako ukatoweka kana kwamba umekatwa kwa wembe, kitako hicho ni mgeni. Nimewaona watu wakibishana juu ya rangi ya ngozi huku mkwaruzo uliokatika uko mbele ya macho yao.

Rangi nayo ina lake la kusema, ila kwa sauti ya chini. Jasho na mafuta ya mkono hutia ngozi weusi pale kiganja kinapobana, na huacha wepesi wa rangi karibu na kikingio ambako mkono haufiki sana. Ngozi yenye weusi sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho imepakwa. Tena ngozi hunywea ikizeeka. Mpini ulioishi mahali pakavu huwa umeshuka kidogo chini ya ukingo wa kikingio, na ukipitisha ukucha unasikia ngazi. Ngozi iliyo sawa kabisa na chuma, laini isiyo na ngazi popote, kwenye kisu kinachodaiwa kuwa cha miaka ya 1920, inadai maelezo. Huenda kisu kiliishi kwenye sanduku bila kuguswa. Huenda kimesagwa upya wiki iliyopita. Jibu liko kwenye nati: meno yaliyochunika karibu na matundu yake yanasema kuna mtu aliifungua kwa koleo.

Wajuzi wengi wakishagundua badiliko husema "kimeharibiwa" na kukirudisha mezani. Nadhani wanakosea angalau nusu ya mara hizo.

Watazame wanajeshi wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ngozi ilioza haraka katika unyevu wa visiwa vya Pasifiki, na fundi wa ndege mwenye saa za kupoteza alikuwa na mabaki ya vioo vya plastiki vya ndege zilizoanguka, vipande vya alumini, na tupa. Akavua ngozi iliyooza, akakata visahani vya plastiki angavu, akavipaka rangi kati ya kimoja na kingine, akavisaga hadi vikang'aa. Kuna mipini ambayo chini ya plastiki imewekwa picha ya mke au mchumba. Kiwanda hakikufanya kazi hiyo na fundi wake hana jina, lakini kuna wakusanyaji wanaoitafuta kazi hiyohiyo. Wanapima jinsi visahani vilivyokaa, kama tundu la katikati limetobolewa kwa usahihi, na kama plastiki imegeuka manjano kwa umri au bado ni mpya mno. Hapo mpini uliobadilishwa ndio kisu chenyewe. Ukiurudishia ngozi "ya asili" umefuta historia yake yote.

Tofauti na hapo ni mpini ulioagizwa tangu mwanzo. Karakana ya Randall kwa miongo mingi imewaachia wateja wachague: ngozi, pembe, aina hii ya mti au ile, kikingio hiki au kile, kisha wasubiri miaka kadhaa. Kisu kama hicho hakina mpini mmoja wa kawaida wa kulinganishia. Kinachohitajika ni karatasi ya oda, barua, au ala yenye chapa ya mshonaji wake. Ala nzuri ya wakati uleule huongeza bei kwa kiasi ambacho mgeni wa soko hakiamini, na muuzaji anayeitenga ala ili aiuze peke yake anajipunja.

Upande wa Ujerumani kuna kisu kinachotugusa sisi zaidi. Kampuni ya Puma ya mjini Solingen, ambayo asili yake ni mwaka 1769, ilitoa mwaka 1956 kisu kilichoitwa White Hunter, ikitangaza kwamba kimeundwa kwa ushauri wa chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki, kile kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1934. Chuma chake ni kipana mbele kwa kuchuna na kinene nyuma kwa kukata mifupa midogo. Mpini ni vipande viwili vya pembe ya sambari, ayala mkubwa wa India, vilivyobanwa pande mbili za chuma kwa ribiti. Jina lake lilimtukuza bwana mwenye bunduki, ingawa katika safari zile aliyeinama juu ya nyati saa nzima akichuna ngozi isitoboke alikuwa mchunaji Mwafrika, na yeye hakuwekwa kwenye chapa yoyote. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji na chama kikavunjwa. Kisu kiliendelea kutengenezwa Solingen.

Kwa mkadiriaji, Puma ni darasa zuri. Tangu mwaka 1964 kampuni ilipiga namba ya udhibiti kwenye visu vyake, na wakusanyaji wana majedwali ya kugeuza namba hiyo kuwa tarehe. Kwenye chuma utakuta kidoti kidogo kilichozama. Ni alama ya kipimo cha ugumu, na mtu asiyejua hukisugua akidhani ni kasoro. Kisha njoo kwenye pembe. Pembe ya sambari husifiwa kwa sababu ni nzito na ngumu, na uti wake wa ndani wenye vitundu ni mwembamba, kwa hiyo hata ikisagwa haifiki haraka kwenye sehemu laini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 India ilizuia kuziuza nje, na tangu hapo kipande kizuri cha zamani, chenye mifereji ya kahawia iliyoiva na migongo ya rangi ya maziwa, kimekuwa adimu. Kisu chenye pembe nzuri pande zote mbili hupita bei ya pacha wake mwenye pembe iliyopauka, ingawa chuma ni kilekile na mwaka ni uleule.

Kutambua pembe ya kweli si kazi ngumu kwa mtu asiye na haraka. Geuza kisu ulinganishe pande mbili: mifereji ya pembe haijirudii kamwe, ilhali ya plastiki hutoka kwenye kalibu moja na hufanana hadi kwenye kinundu. Tazama kitakoni, mahali pembe ilipokatwa. Lazima uone vitundu vya uti. Iguse kwenye shavu: pembe na mfupa huanza kwa ubaridi, plastiki haina ubaridi huo. Mfupa uliochongwa uonekane kama pembe una vidoti vidogo vyeusi, njia za mishipa ya damu, na mifereji yake imekatwa na mashine kwa vipimo.

Kuna jaribio la sindano ya moto ambalo watu bado wanafundishana. Liache. Mbali na kuacha kovu, vipo visu vingi vya mwanzo wa karne ya 20 vyenye mipini ya seluloidi, plastiki ya kale inayowaka kama kiberiti. Seluloidi ina hila nyingine pia: ikizeeka huanza kuoza na kutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo hushambulia chuma cha jirani. Mtu anafungua droo anakuta visu vitatu vimeota kutu ilhali havikuwahi kuona maji. Kisu cha namna hiyo kitenge na wenzake, kikae mahali penye hewa.

Pembe ya ndovu ni mlango mwingine, na wengi wanaingia bila kujua. Dalili yake iko kwenye ncha iliyokatwa kwa upana: mistari myembamba inayokatana. Kwa ndovu, pembe za makutano ya mistari ya nje huzidi nyuzi 115. Kwa mamothi aliyechimbuliwa kwenye barafu hushuka chini ya 90. Seluloidi iliyoiga pembe ina mistari iliyonyooka, sambamba, safi kupita kiasi. Tofauti hiyo sasa ni ya kisheria. Tangu Julai 2016 Marekani imebana karibu biashara yote ya pembe za ndovu, na nchini Kenya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaweza kumfunga mtu kwa kipande anachodhani ni urithi tu.

Na tusijifanye kwamba mipini haikuwahi kuua. Katika miaka ya 1970 pembe za faru zilipelekwa Yemen kwa wingi, zichongwe mipini ya majambia, kwa sababu pembe ya faru iking'arishwa miaka mingi mkononi hupata uangavu ambao mafundi wa mjini Sanaa waliuthamini kupita vitu vyote. Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000 karibu na mwaka 1970. Miaka 20 baadaye walibaki mia chache. Yemen ilipiga marufuku uingizaji wa pembe hizo mwaka 1982, ikiwa imechelewa. Mkono uliochonga mpini ule nauheshimu. Bei iliyolipwa kwa ajili yake sitaitetea.

Tukirudi kwenye soko, mambo yanayopandisha na kushusha bei ni machache kuliko wanavyodai wenye mnada. Kwanza jina la fundi, na jina lithibitishwe: kisu cha Scagel hupata maelfu ya dola, kwa hiyo kile kijambia chenye mawimbi alichokipiga kama chapa yake kimeigwa na wengi, na mwigaji mara nyingi hufaulu kwenye chapa na kushindwa kwenye visahani. Pili ni upana wa chuma uliobaki. Kila kunoa kunakula. Kwenye Ideal ya Marble ni rahisi kuona: makali yakiwa yamesogea karibu na ule mfereji wa ubavuni, kisu kimeliwa na kinoo, na hakuna mpini utakaomrudishia mnunuzi kilichopotea. Tatu ni mpini, kwa utaratibu niliokwisha kueleza. Nchi iliyoandikwa kwenye chuma husaidia tarehe: sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa ya kigeni itaje ilikotoka, kwa hiyo kisu cha Sheffield kilichoingia Marekani kikiwa na neno la Uingereza kwa kawaida ni cha baada ya hapo, na kilichoandikwa Ujerumani Magharibi ni cha kati ya 1949 na 1990.

Mpini uliobadilishwa na mtu asiyejulikana, vibaya, kwa gundi ya kisasa inayochungulia kwenye viungo, utakata bei pakubwa, na ni haki. Mpini uliobadilishwa na mwindaji mwenyewe miaka mingi iliyopita, kwa mti wa kwao, ukakaa vizuri na kuzeeka pamoja na chuma, mimi ningeulipia zaidi ya wanavyoulipia wengi. Hapa sokoni na mimi hatukubaliani.

Ukirithi kisu cha namna hii, usikitie msasa. Usikiloweshe mafuta, ngozi ikinywa mafuta mengi huvimba, hulegea na kushika uchafu. Futa kwa kitambaa kikavu, paka nta kidogo sana kwenye chuma, na usikihifadhi ndani ya ala, kwa sababu dawa zilizolainisha ngozi ya ala hula shaba na kuiotesha kutu ya kijani. Kisha kipeleke kwa mtu anayevijua visu, kikiwa na uchafu wake wote, kabla hujamwonyesha mnunuzi yeyote.